Reli katika usafiri endelevu wa Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mara kutoka kwa wanafunzi, waandishi wa habari na wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya, ambao hupanda treni kila siku na bado hushangaa kwa nini tiketi ya ndege ni rahisi zaidi. Majibu yanahusu Umoja wa Ulaya (EU) pamoja na Uswisi, ambayo si mwanachama lakini imefika mbali kuliko majirani zake wote.

## Mambo ya msingi

Kwa nini reli inapewa uzito mkubwa hivyo katika sera ya usafiri ya Ulaya?

Kwa sababu usafiri ndiyo sekta iliyobaki nyuma. Tangu 1990 viwanda na mitambo ya kufua umeme vimepunguza sana gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, lakini usafiri unatoa nyingi kuliko ulivyotoa mwaka huo. Leo unachangia karibu robo ya gesi joto zote za EU, na karibu robo tatu ya mchango huo hutoka barabarani. Reli, ukiweka kando mitambo inayoifulia umeme, haifiki hata asilimia 1 ya gesi za sekta ya usafiri.

Hata hivyo reli hiyohiyo hubeba karibu asilimia 17 ya mizigo ya nchi kavu, ukipima kwa tani na kilomita. Kila shehena inayohama kutoka kwenye lori kwenda kwenye behewa ni faida inayopatikana leo, kwa mitambo iliyopo, bila kusubiri uvumbuzi wowote.

Je, treni ni safi hata kuliko gari la umeme?

Kwa kawaida ndiyo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupata msuguano mdogo kuliko tairi juu ya lami, na treni huvuta umeme kutoka kwenye waya wa juu bila kubeba betri nzito. Mambo mawili hubadilisha hesabu: treni imejaa kiasi gani, na umeme umetoka wapi. Austria na Uswisi hutegemea sana nguvu ya maji, na Ufaransa hutegemea nyuklia. Poland bado inachoma makaa ya mawe mengi, kwa hiyo kilomita moja ya treni huko haiwezi kuwa sawa na kilomita moja ya Ufaransa. Kuhusu njia ambazo hazina umeme kabisa, tazama swali la dizeli chini ya "Maswali ya pembeni".

Malengo ya EU ni yapi hasa?

Mpango wa Kijani wa Ulaya wa Desemba 2019 uliweka lengo la kupunguza gesi joto za usafiri kwa asilimia 90 ifikapo 2050. Mwaka mmoja baadaye mkakati wa usafiri wa EU ukaweka hatua za njiani: ukilinganisha na 2015, safari za treni za mwendokasi ziwe mara mbili ifikapo 2030 na mara tatu ifikapo 2050, na mizigo ya reli iongezeke kwa nusu ifikapo 2030 na kuwa mara mbili ifikapo 2050.

Malengo ya namna hii si mageni. Waraka wa sera wa EU wa 2011 ulitaka asilimia 30 ya mizigo inayosafiri zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ihamie kwenye reli au majini ifikapo 2030. Sehemu ya reli katika mizigo haijapanda tangu hapo. Kwa hiyo msomaji afanye vyema kuuliza kila mara kizuizi ni nini, kwa sababu nia imekuwapo muda wote. Sehemu kubwa ya ukurasa huu ni jibu la swali hilo: reli za Ulaya zilijengwa nchi kwa nchi, kila taifa kwa ajili yake, na hazijawahi kuunganishwa vya kutosha.

Nani anaamua: Brussels, makao ya EU, au kila nchi?

Wote wawili, na hapo ndipo mambo huchelewa. EU hutunga sheria za soko, usalama na haki za abiria, na hutoa sehemu ya fedha. Nchi ndizo zinazomiliki njia na kupanga bajeti.

Sheria ya kwanza kubwa ilikuja mwaka 1991. Iliagiza hesabu za njia za reli zitenganishwe na hesabu za uendeshaji wa treni, ili kampuni nyingine nazo ziweze kupita. Zikafuata "pakiti" nne za sheria kati ya 2001 na 2016, zilizofungua kwanza mizigo, kisha abiria wa kimataifa, na mwisho abiria wa ndani. Wakala wa Reli wa Umoja wa Ulaya, wenye makao Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa, sasa hutoa vyeti vya usalama na vibali vya treni zinazovuka mipaka. Zamani mtengenezaji alilazimika kuomba kibali upya katika kila nchi.

## Abiria na nauli

Kwa nini ndege mara nyingi ni rahisi kuliko treni?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki ya kukasirika. Sehemu kubwa ya jibu ni kodi.

Mafuta ya ndege za abiria hayatozwi ushuru wa mafuta karibu kote Ulaya. Tiketi ya ndege kutoka nchi moja hadi nyingine haina kodi ya ongezeko la thamani, wakati nchi kadhaa, Ujerumani ikiwemo, hutoza kodi hiyo kwenye sehemu ya safari ya treni iliyo ndani ya mipaka yao. Treni pia hulipa ada ya kutumia njia kwa kila kilomita, na katika baadhi ya nchi ada hiyo ni kubwa. Ndege nazo hulipia viwanja na huduma za kuongozwa angani, lakini anga lenyewe halihitaji mataruma, kokoto wala waya.

Kuna hatua zinazosogea. Ndege zinazoruka ndani ya Ulaya zimo katika soko la vibali vya hewa ukaa, ambako kampuni hununua haki ya kutoa hewa hiyo, tangu 2012, na vibali vya bure vimekuwa vikiondolewa hadi kufikia 2026. Pendekezo la Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha EU, la 2021 la kutoza ushuru mafuta ya ndege limekwama, kwa sababu mambo ya kodi yanahitaji nchi zote zikubali na kura moja ya kukataa inatosha kulizuia.

Sehemu nyingine ya jibu ni ununuzi wenyewe. Tiketi ya ndege ya Ulaya nzima utaipata mahali pamoja kwa dakika chache. Kwa treni huenda ukalazimika kununua tiketi tatu kwa kampuni tatu, na ukikosa ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa, ulinzi wako ni mdogo (tazama swali la fidia).

Ni kweli Ufaransa imepiga marufuku safari fupi za ndege?

Ni kweli, lakini marufuku yenyewe ni ndogo kuliko sifa zake. Sheria ya tabianchi ya 2021, iliyoanza kutekelezwa kwa amri ya Mei 2023, inazuia safari za ndani pale ambapo treni hufika kwa chini ya saa mbili na nusu. Njia zilizoguswa ni tatu, zote kutoka kiwanja cha Orly, Paris: kwenda Nantes, Bordeaux na Lyon. Abiria wanaounganisha safari hawahusiki.

Kilichoondoa ndege kwa wingi zaidi ni treni nzuri. Kabla ya 2008 njia ya anga ya Madrid–Barcelona ilikuwa miongoni mwa zenye ndege nyingi kuliko zote Ulaya. Mwaka huo reli ya mwendokasi ya kilomita 621 ilifunguliwa, safari ikawa ya karibu saa mbili na nusu, na abiria wengi wakahama wenyewe bila kulazimishwa na sheria yoyote.

Ushindani umeshusha nauli?

Nchini Hispania, ndiyo, tena waziwazi. Kampuni ya Ouigo ya Ufaransa iliingia njia ya Madrid–Barcelona Mei 2021, Iryo ikafuata Novemba 2022, na kampuni ya taifa, Renfe, ikaanzisha huduma yake ya bei nafuu. Nauli zilishuka na abiria wakaongezeka. Hispania iliweza kwa sababu ilikuwa na mtandao mrefu kuliko wote Ulaya, karibu kilomita 4,000 za mwendokasi, wenye nafasi tele kwa treni zaidi. Ukileta ushindani kwenye njia iliyokwisha kujaa, kampuni mpya haitapata pa kupita.

Je, tiketi za bei nafuu au za bure zinapunguza magari barabarani?

Zinasaidia, lakini peke yake hazitoshi. Ujerumani ilijaribu tiketi ya euro 9 kwa mwezi kuanzia Juni hadi Agosti 2022, kisha Mei 2023 ikaleta tiketi ya taifa ya euro 49, ambayo bei yake imekuwa ikipanda tangu hapo. Austria ilianzisha tiketi ya mwaka ya nchi nzima Oktoba 2021. Luxembourg ilifanya usafiri wa umma kuwa bure mwaka 2020, na magari bado ni mengi huko. Mtu mwenye basi moja kwa saa kijijini kwake hataacha gari kwa sababu basi hilo halina nauli. Huduma ya mara kwa mara na ya kuaminika huja kwanza.

Treni za usiku zimerudi kweli?

Zimerudi kwa kusuasua. Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, lilipoacha mabehewa yake ya kulala mwishoni mwa 2016, shirika la Austria, ÖBB, lilichukua sehemu ya huduma hizo kwa jina la Nightjet. Kampuni ya European Sleeper ilianza safari ya Brussels–Berlin Mei 2023 na kuifikisha Prague mwaka uliofuata. Lakini Nightjet ya Paris–Berlin, iliyozinduliwa kwa shangwe Desemba 2023, ilisimamishwa na ÖBB Desemba 2025 baada ya Ufaransa kuondoa ruzuku.

Hesabu yake ni ngumu kwa asili. Behewa la kulala hubeba watu wachache kuliko la kukaa na hufanya safari moja tu kwa usiku. Mabehewa mapya yanayokubaliwa katika nchi nyingi ni ghali. Wanaotaka treni hizi zidumu wadai zisamehewe sehemu ya ada ya njia, kwa kuwa usiku njia nyingi za abiria hazina kazi.

Treni ikichelewa, nitalipwa fidia?

Kanuni mpya ya haki za abiria inayotumika tangu Juni 2023 inasema: ukifika umechelewa kuanzia dakika 60 hadi 119, unarudishiwa asilimia 25 ya nauli, kuanzia dakika 120, asilimia 50. Hupati kitu iwapo sababu ni janga lisilozuilika, kama hali mbaya mno ya hewa, lakini mgomo wa wafanyakazi wa reli haumo katika udhuru huo.

Zingatia aina ya tiketi. Tiketi moja inayofika hadi mwisho wa safari hukulinda mpaka unakokwenda. Tiketi kadhaa zilizonunuliwa mbalimbali huhesabiwa kila moja peke yake. Ukiweza kununua safari yote kwa muuzaji mmoja, fanya hivyo, na hifadhi risiti.

## Mizigo

Kama treni ni safi, kwa nini malori bado ni mengi?

Mwenye mzigo hununua uhakika kwanza, na reli ya mizigo ya Ulaya imeshindwa kumpa. Wakaguzi wa hesabu wa EU waliripoti mwaka 2016 kwamba kwenye njia nyingi za kimataifa treni za mizigo zilikuwa na mwendo wa wastani wa karibu kilomita 18 kwa saa. Muda mwingi ulipotea zikisubiri: kupisha treni za abiria, kubadilisha kichwa au dereva mpakani, kukaguliwa.

Halafu kuna kazi ya mikono. Mabehewa ya mizigo ya Ulaya bado huunganishwa kwa kulabu na skrubu: mfanyakazi huingia katikati ya mabehewa mawili, mvua au theluji, na kukaza kwa nguvu zake. Marekani na nchi zilizokuwa za Kisovieti zilihamia viungio vya kujifunga zamani. Ulaya inajaribu kiungio kipya kinachofunga chenyewe na kuunganisha pia hewa ya breki, umeme na data, lakini mabehewa ni mamia ya maelfu na wamiliki ni wengi. Kwa maoni yangu huu ndio uwekezaji uliopuuzwa kuliko wote. Hauna utepe wa waziri kukata, ndiyo maana husukumwa mbele mwaka hadi mwaka.

Udhaifu mwingine ulionekana Agosti 2017 huko Rastatt, kusini mwa Ujerumani. Uchimbaji wa handaki jipya ulisababisha njia iliyopo juu yake kutitia, na ukanda wa Rhine, mshipa mkuu wa mizigo kati ya bandari za kaskazini na Italia, ukafungwa kwa karibu wiki saba. Njia za kuzunguka zilikuwepo, hata kupitia Ufaransa, lakini dereva wa treni lazima ajue lugha ya nchi anayopita kwa kiwango kilichowekwa, na madereva wenye Kifaransa cha kutosha hawakupatikana kwa wingi. Makontena yakarudi kwenye malori.

Uswisi imefanyaje?

Wananchi walipiga kura, kisha serikali ikafanya mambo yote kwa pamoja. Mwaka 1992 waliidhinisha mahandaki mapya chini ya milima ya Alpi. Februari 1994 wakaweka ndani ya katiba kwamba mizigo inayopita nchini kutoka mpaka hadi mpaka iende kwa reli. Tangu 2001 kila lori kubwa hulipa ada kulingana na uzito, umbali na uchafuzi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikajenga mahandaki: Lötschberg (kilomita 34.6) mwaka 2007, Gotthard (kilomita 57) mwaka 2016, Ceneri mwaka 2020. Malori hayaruhusiwi kutembea usiku wala Jumapili.

Matokeo yake, karibu asilimia 70 ya mizigo inayovuka Alpi kupitia Uswisi huenda kwa reli. Malori yamepungua kutoka takriban milioni 1.4 mwaka 2000 hadi chini ya milioni 1. Lengo la kisheria la 650,000 bado halijafikiwa. Wakati huohuo, Mlango wa Brenner, pito la milimani kati ya Austria na Italia, hupitisha malori zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na handaki lake la reli bado linachimbwa. Anayetaka kujua kama bei na ujenzi hufanya kazi vikienda pamoja, alinganishe njia hizo mbili za milimani.

## Mipaka na mitambo

Reli zote za Ulaya zina upana mmoja?

Hapana. Nchi nyingi hutumia milimita 1,435. Hispania na Ureno zilijenga njia zao za zamani kwa 1,668, nchi za Baltiki zina 1,520, Finland 1,524, Ireland 1,600. Mwaka 2021, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Reli wa Ulaya, treni ya maonyesho ilizunguka kutoka Lisbon hadi Paris kupitia nchi 26, na waandaaji walilazimika kutumia treni tatu tofauti kwa sababu ya upana.

Jibu kwa nchi za Baltiki ni Rail Baltica: kilomita 870 mpya za upana wa 1,435 kutoka Tallinn kupitia Riga na Kaunas hadi mpaka wa Poland. Makadirio yake yalipanda kutoka euro bilioni 5.8 mwaka 2017 hadi karibu bilioni 24 mwaka 2024. Tangu Urusi ivamie Ukraine, mradi huu hutazamwa pia kama wa ulinzi.

Mbali na upana, nini kingine hukwamisha?

Umeme na ishara. Ujerumani na Austria hutumia volti 15,000, reli za mwendokasi za Ufaransa 25,000, Italia na Poland 3,000 kwenye njia za kawaida, Uholanzi 1,500. Kichwa cha treni kinachomudu yote haya kipo, ila ni ghali.

Kwa ishara, kila nchi ilibuni mfumo wake wa kumlinda dereva asipite taa nyekundu. EU inataka wote wahamie mfumo mmoja, ETCS, unaomwonyesha dereva mwendo unaoruhusiwa kwenye skrini na kufunga breki wenyewe akizidisha. Luxembourg imeufunga kwenye mtandao wake wote. Nchi kubwa zinakwenda polepole, na maadamu hazijamaliza, treni hubeba mfumo mpya pamoja na ile ya zamani.

TEN-T ni nini?

Ni ramani ya njia kuu za usafiri za EU, yenye nguvu ya sheria. Kanuni yake ya 2024 imeweka tarehe tatu: mtandao wa msingi ifikapo 2030, mtandao wa msingi uliopanuliwa 2040, na mtandao mpana 2050. Inataka pia njia kuu ziweze kupokea treni za mizigo za mita 740.

Ni bora kujenga reli mpya za mwendokasi au kukarabati zilizopo?

Inategemea umbali. Kwa miji mikubwa iliyotengana kilomita mia kadhaa, njia mpya hubadili kila kitu, kama Paris–Lyon tangu 1981. Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilitoa mpango wa kuunganisha miji mikuu, kwa mfano Berlin–Copenhagen kutoka saa saba hadi nne.

Uswisi ilichagua kanuni nyingine: ratiba kwanza, ujenzi baadaye. Zürich–Bern ilikuwa dakika 69. Ilijengwa sehemu mpya ya njia mwaka 2004 na safari ikawa dakika 56, kwa sababu chini ya saa moja treni huingia stesheni kabla ya saa kamili, hukutana na nyingine zote, na abiria huunganisha bila kungoja. Hawakuona haja ya kulipia mwendo zaidi ya huo.

Ujerumani inaonyesha gharama ya kuahirisha ukarabati. Mwaka 2024 asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilifika kwa wakati, na kuchelewa huanza kuhesabiwa kuanzia dakika sita. Uswisi huzigeuza baadhi ya treni hizo mpakani, Basel, ili zisivuruge ratiba yake. Mwaka huohuo njia ya kilomita 70 kati ya Frankfurt na Mannheim ilifungwa kwa miezi mitano na kujengwa upya. Kufunga kabisa kuliwaumiza abiria, lakini kuziba viraka usiku kwa miaka mingi kulikuwa kumeshindwa.

## Maswali ya pembeni

Treni za dizeli zitaondolewa lini?

Hakuna tarehe moja ya EU. Zaidi ya nusu ya mtandao ina umeme, na njia hizo hubeba treni nyingi zaidi. Kwa matawi madogo, treni za betri zinazochaji chini ya waya zinaenea. Ujerumani ilianza kubeba abiria kwa treni ya haidrojeni mwaka 2018 huko Lower Saxony, lakini kufua haidrojeni hupoteza nishati nyingi, na pale waya au betri inapowezekana, haidrojeni haina hoja.

Je, reli ni salama?

Ni miongoni mwa njia salama kuliko zote za nchi kavu. Lakini usalama hutegemea mitambo iliyolipiwa ifungwe kweli. Tarehe 28 Februari 2023, huko Tempi, Ugiriki, treni ya abiria iligongana uso kwa uso na ya mizigo na watu 57 wakafariki, wengi wao wanafunzi. Mkataba wa mwaka 2014 wa kurejesha ishara na udhibiti wa mbali, uliogharimiwa kwa sehemu na EU, ulikuwa haujakamilika.

Nchi zote za EU zina reli?

Malta na Kupro hazina.

Vita vya Ukraine vimebadili nini?

Ukraine hutumia upana wa 1,520, kwa hiyo nafaka iliyokatazwa njia ya bahari mwaka 2022 ilibidi ihamishwe kutoka behewa hadi behewa mpakani. Septemba 2025 ilifunguliwa njia ya milimita 1,435 kutoka Chop, mji wa mpakani, hadi Uzhhorod. Ni fupi, kama kilomita 22, lakini inaiunganisha Uzhhorod moja kwa moja na mtandao wa Ulaya.

Sera hii inaigusa Afrika Mashariki na Kati?

Inagusa hasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Oktoba 2023 EU ilikuwa miongoni mwa waliotia saini makubaliano ya Ukanda wa Lobito, pamoja na Marekani, Angola, Kongo, Zambia na taasisi za fedha za Afrika. Njia hii inatoka bandari ya Lobito nchini Angola hadi Kolwezi nchini Kongo, katika ukanda wa shaba na kobalti ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni. Ulaya inataka madini hayo kwa betri na nyaya za mageuzi yake ya kijani. Reli ikipunguza foleni za malori ya madini, watu wa Kolwezi watanufaika kwa hewa na barabara. Wao nao waulize mapema kama kutakuwa na treni za abiria na nauli wanayoimudu, maana ratiba ya njia ikishajaa treni za shaba, nafasi ya abiria ni vigumu kuipata.